Mwenye Meza na Watu wa Ziwani

Mwenye Meza hakuwa na meza. Tulikaa chini, kwenye zulia la majlisi yake huko Hail, Maskati, tumeegemea mito, na katikati yetu palikuwa na sinia kubwa la shaba alilolifunika kwa ramani aliyoichora mwenyewe. Jina hilo tulimpa sisi wachezaji. Katika mchezo ule lazima mmoja awe msimulizi na mwamuzi: yeye ndiye anayekwambia umefika mji gani, nani kakuzuia mlangoni, na kama upanga wako umempata adui au umekata upepo. Waliobaki kila mmoja hujitungia mtu wake na kumsemea. Kila Ijumaa baada ya alasiri, kwa miaka mingi, dunia ilikuwa yake na sisi tulikuwa wapita njia tu.

Uso kwa uso nilimwita Ami, ingawa hatukuwa na udugu wa damu, ila ukuta mmoja baina ya nyumba zetu na lugha moja ya Unguja ndani ya nyumba zote mbili. Alipofariki, watu waliofika msibani walimsifu kwa uadilifu. Mmoja baada ya mwingine walisema hajapata kumdhulumu mtu. Nilikaa upande wa wanawake nikisikiliza, nami nilijua kwamba mwaka wake wa mwisho alikuwa akitafuta kitu kimoja tu, msamaha wa mwanamke aliyekuwa wakati ule jikoni akiosha vikombe vya msiba.

Alikuwa mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea. Alistaafu kazi ya mabomba ya maji, na mpaka mwisho hakuweza kuupita mfereji unaovuja bila ya kusimama na kuunung'unikia. Simu aliichukia. Akikupigia alisema "Njoo," akakata. Kitabu cha mchezo kilikuwa cha Kiingereza, kinene, jalada limetoka, naye alikisoma kwa Kiswahili moja kwa moja bila ya kukwama, akichanganya Kiarabu pale ambapo mtu wa hadithi alikuwa mkubwa wa serikali. Ukiwa na pupa ya kujua kilichoko nyuma ya mlango, alikwambia, "Taratibu, mwanangu. Dunia yangu haina saa za ofisi."

Mchezo huo kwa kawaida huchezwa kwa dadu. Kwake dadu hazikuingia. Mama yake, aliyeishi naye mpaka alipotangulia mbele ya haki, alisema dadu ni kamari na kamari haitalala nyumba moja na msahafu wake. Hakubishana naye. Alikusanya kokwa za tende, akazikausha, akaziandika nambari kwa wino, moja mpaka ishirini, akazitia ndani ya kofia. Ukitaka kujua kama umepona sumu au umekufa, unatia mkono ndani ya kofia. Yule bibi alikuwa akipita na kuuliza, "Leo nani kafa?" na mwanawe akimjibu kwa adabu zote, "Badar, mama, lakini ntamfufua." Badar ni mpwa wake, mtu mzima mwenye duka la vipuri, na hakuna aliyekufa mara nyingi kama yeye.

Sasa nifike kwenye kitabu. Kilikuwa na sura nzima ya mataifa, na kila taifa limepewa ukurasa wake: sura zao, tabia zao, wanachofaa na wasichofaa, na mwisho wa ukurasa nambari za kuongeza au kupunguza. Majina yalikuwa ya kubuni, lakini mtoto mdogo angejua nani anasemwa. Watu wa Jangwani na Pwani ni waongo katika biashara, wakatili kwa watumwa, hawasahau kisasi: ujanja ongeza mbili, uaminifu punguza mbili. Watu wa Ziwani wana miguu minene na vicheko vikubwa, wanaogopa mizimu, wanafaa kubeba mizigo: nguvu ongeza mbili, akili punguza mbili. Picha zilikuwepo pia. Sisi kina Unguja wa Maskati tulikuwa tukipeana kitabu na kutazamana. Badar aliuliza, "Ami, siye tumo ukurasa upi? Mimi bibi yangu Mmanyema." Mwenye Meza alimwambia achague anaopenda kutukaniwa.

Alikinunua alipokuwa mwanafunzi ughaibuni, katika mji wa baridi ambao hakupenda kuutaja. Wenzake wa chuo walimkaribisha kwenye mchezo wao, naye alifurahi, kwa sababu alikuwa mpweke kiasi cha kuzungumza na jiko. Wakampa ukurasa wa Jangwani. Kila wiki yeye ndiye mfanyabiashara wa watumwa, yeye ndiye anayetia sumu kwenye kinywaji. Walimwomba aseme kwa lafudhi yake, wakacheka mpaka wakalala chini, na yeye akacheka nao. "Nlicheka miaka mitatu," alituambia. "Mtu akicheka pamoja nawe, usidhani karidhika. Nlikuwa nkirudi chumbani siwezi kula."

Maneno hayo aliyasema mara nyingi, na kutokana nayo akatunga kanuni ya finjani. Kila mtu wa hapa anajua kwamba ukikirimiwa kahawa, mwenye kumimina husimama mbele yako na dele, birika la kahawa, mkononi, anakujaza tena na tena, mpaka wewe mwenyewe uitikise finjani kidogo kumwambia imetosha. Hapo ataipokea. Mwenye Meza aliichukua ada hiyo akaitia ndani ya mchezo. Kama mtu yeyote katika majlisi amesikia taifa lake, kabila lake au watu wake wakisemwa kwa namna inayomchoma, hana haja ya kugombana. Aitikise finjani yake. Aliyekuwa akisema atanyamaza papo hapo, hatajitetea, hatasema alikuwa akitania. Atanyoosha mkono, ataipokea ile finjani kama mtumishi, na hadithi itapita njia nyingine.

Na kanuni ilifuatwa. Kulikuwa na daktari wa meno, Mmalabari wa kusini mwa Bara Hindi, mtu mpole sana. Siku moja Badar alimwigiza mganga wa kutoka Bara Hindi kwa kichwa kinachotikisika na nyoka kikapuni, na daktari akaitikisa finjani yake bila ya kuinua macho. Badar alikuwa katikati ya neno. Mwenye Meza alimtazama mpwa wake mpaka mkono ukanyooka. Baada ya hapo yule nyoka hatukumwona tena, na daktari aliendelea kuja Ijumaa zote. Mimi nami niliitikisa mara moja, kwa jambo la wanawake, ingawa kanuni haikutaja wanawake. Alinipokea finjani mwenyewe.

Ukurasa wa Jangwani na Pwani aliubandika. Alikata karatasi kwa kipimo cha ukurasa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kihandisi habari nyingine: watu wenye mifereji ya maji chini ya ardhi, wanaogawana zamu za maji kwa kupima kivuli mchana na nyota usiku, wanaolima ndimu na kubishana mirathi, wenye lugha mbili au tatu ndani ya sahani moja. Akautia gundi juu ya yale matusi. Alijivunia ukurasa ule. Wageni aliwapa waupapase ili wahisi unene wake.

Ukurasa wa Ziwani hakuubandika.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu langu si zuri. Mtu huyu alikuwa mwepesi wa kuumia. Nilimwona mara moja katika duka la vitambaa Matrah, muuzaji alimwita Mzinjibari, yaani mtu wa kuja kutoka Zanzibar, kwa sauti ya kumshusha, naye akaiacha joho iliyokwisha kukatwa na kufungwa, akatoka nje akasimama juani akihema. Alijua vizuri kabisa neno linavyochoma. Lakini katika majlisi yake hakuna mtu wa Ziwani aliyewahi kutikisa finjani, na kwa hivyo kwake ukurasa ule haukuwa na kasoro. Mtu wa Ziwani alikuwepo kila Ijumaa. Alikuwa amesimama, ameshika dele.

Prossy alikuja kutoka Uganda kumhudumia yule bibi, na bibi alipofariki akabaki kuitunza nyumba. Alikuwa Mkristo, mtu wa maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, alikipata kwao sokoni na kukikuza humu nyumbani, na Kiarabu cha jikoni kikaja juu yake. Ijumaa asubuhi alikwenda kanisani, alasiri alimimina kahawa. Anayemimina hashiki finjani yake. Ndiyo ada, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri ada hiyo ilimfanyia nini ndani ya kanuni ile.

Na Mwenye Meza alikuwa na Mchukuzi. Huyu alikuwa mtu wa hadithi, hamali wa kutoka Ziwani aliyewabebea wasafiri mizigo yao. Aliogopa kila kivuli, alikula chakula cha watu watano, alisema "mimi kwenda, mimi kula, mimi kufa." Katika sauti zote za Mwenye Meza hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Badar alikuwa akimwomba, "Ami, mlete Mchukuzi." Daktari wa meno alicheka mpaka akavua miwani. Kadiri miaka ilivyokwenda sauti ilibadilika, ikawa na maneno mapya: "aki ya Mungu," "niko tu sawa," "kazi ni mingi." Niliyatambua yalikotoka. Yalitoka jikoni, na Prossy aliyasikia yakirudi kwake akiwa amesimama mbele yetu, na hakuwahi kuacha kumimina.

Mpaka siku ile. Asubuhi yake Prossy alikuwa amemfuata Mwenye Meza uani, kama alivyonisimulia baadaye, akamwambia, "Baba, naomba unisikie kidogo. Mama yangu ameanguka. Hawezi kuongea." Mwenye Meza alimsikiliza. Alimwambia kesho yake atakwenda kwao, na tiketi atakata yeye mwenyewe. Na kweli alikata. Mtu huyu hakuwa na roho mbaya. Ingekuwa hivyo ningeandika habari hizi kwa urahisi zaidi.

Alasiri tukacheza. Wasafiri walikuwa wamefika mbele ya pango, na Mchukuzi hakutaka kuingia. Mwenye Meza alipiga magoti juu ya zulia, akakunja mikono kifuani, akayatoa macho, akasema kwa ile sauti: "Baba, naomba unisikie kidogo."

Tulicheka sana. Badar alipiga sinia kwa kiganja, kokwa zikaruka. Prossy alikuwa mbele ya daktari, anamimina. Alimaliza kumimina. Kisha akainama, akaliweka dele chini, juu ya zulia, akatoka.

Asiyekulia hapa hataona kuna nini. Dele haliwekwi chini wakati wageni wana finjani mkononi. Mtumishi halitui, mtoto wa nyumba halitui, mwenye nyumba mwenyewe akiwa anamimina hulishika mpaka mgeni wa mwisho atikise. Tulibaki sote na finjani zetu, na hapakuwa na mtu wa kuzipokea. Daktari aliitazama yake, imejaa, mvuke unatoka. Mwenye Meza alikuwa bado amepiga magoti. Niliona uso wake ukielewa, taratibu, kuanzia machoni kwenda chini, na sijapata kuona uso wa mtu mzima ukivunjika namna ile. Badar alitia finjani yake ndani ya sinia na kuuliza kama tumesali.

Prossy alikwenda kwao. Alimkuta mama yake hai, akamzika baada ya siku chache. Akarudi, kwa sababu watoto wake walikuwa shule na mshahara wa Maskati ndio uliowasomesha. Alipika, alifua, alimpa Mwenye Meza dawa zake kwa saa. Kahawa ya majlisini hakumimina tena, wala hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulijimiminia wenyewe, vibaya, tukimwagia ramani. Mchukuzi hakutajwa. Wachezaji wakapungua mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake, na daktari wa meno alikuwa wa kwanza. Ile furaha ya mahali pale ilikuwa imekwisha na sote tulijua.

Mwenye Meza akaanza kuandika ukurasa mpya wa Ziwani. Aliukata kwa kipimo, akaujaza, akaniita nije nisikilize. "Watu wa Ziwani," alisoma, "ni wapole, wacha Mungu, wavumilivu, wenye moyo wa kusamehe." Nilimwambia, "Ami, umemvua tusi ukamvisha kanzu. Bado hujamuuliza yeye nani." Alikasirika. Aliniambia kwamba vijana wa siku hizi hawaridhiki na chochote, kwamba yeye ndiye aliyekata tiketi, kwamba nani katika mtaa huu mzima amemtendea mfanyakazi wake kama yeye. Wiki mbili hakunipigia ile simu yake ya neno moja.

Aliponipigia tena alikuwa mgonjwa. Figo. Walikuwa wakimpeleka hospitali kusafishwa damu na kumrudisha amechoka hata kuinua kitabu. Ukurasa wa Ziwani alikuwa ameuandika na kuuchana mara nyingi, karatasi zilizobaki alizipangusia kalamu. Alianza kusema juu ya haki za watu, kwamba mtu anaweza kusali na kufunga umri wake wote na bado akazuiliwa kwa ajili ya kiumbe mmoja aliyemvunjia heshima. "Mngu atansamehe lake," alisema. "La Prossy hatansamehe mpaka Prossy asamehe. Ndivyo tulivyosomeshwa. Na mkataba wake unakwisha mwezi ujao, anakwenda moja kwa moja." Alikuwa akiogopa. Alisema hivyo hivyo, "Naogopa," kama mtu anayesema ana kiu.

Akaniomba niwepo. Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri, saa ile ile ya mchezo. Alikuwa ameketi mahali pake, kando yake dele na finjani mbili, na kofia ya kokwa imewekwa dirishani. Alimwita Prossy akamwomba akae. Prossy alikaa karibu na mlango, juu ya visigino vyake, aproni bado kiunoni. Mwenye Meza akasimama, kwa shida, akishika ukuta. Akalishika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, akammiminia mtumishi wake kahawa, akampa. Hakumwaga.

"Prossy, mwanangu," alisema. Bado alikuwa amesimama. "Mimi nimekukosea. Nlikuchezea mbele ya watu. Nliichukua sauti yako nikawachekesha wenzangu, siku ya msiba wako. Nnakuomba unisamehe kabla hujaondoka." Mpaka hapo lilikuwa jambo zuri, na kama angeishia hapo sijui ingekuwaje. Lakini alikuwa msimulizi, na msimulizi haachi kimya kikae. "Nnajua utansamehe," akaendelea, "kwa sababu nyinyi watu wa kwenu mna moyo mpana. Hamuweki kitu. Mmeumbwa na subira ambayo siye—"

Prossy aliitikisa finjani.

Ilikuwa imejaa. Hakuwa amekunywa hata tone. Kahawa ilimwagika juu ya vidole vyake na juu ya zulia, na lazima ilimuunguza, lakini aliendelea kuitikisa mpaka Mwenye Meza alipofunga mdomo.

"Mimi siko na moyo mpana, Baba," alisema, kwa sauti ya chini. "Niko na hasira. Mama yangu alikuwa anakufa na wewe ulikuwa unaongea na sauti yangu, watu wanacheka. Mimi nilisimama hapa miaka yote. Sikuwa na kikombe."

Nilimtazama Mwenye Meza. Nilijua ana maneno. Hajawahi kukosa maneno. Niliyaona yakimjia, yale ya tiketi, yale ya dawa na magonjwa na miaka. Lakini kanuni ilikuwa yake. Anayetikisiwa hajitetei. Alinyoosha mkono, na Prossy akamwekea finjani tupu kiganjani.

"Umesamehe?" alimuuliza, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake.

"Bado," alisema Prossy.

Kahawa ilikuwa inaenea juu ya zulia. Prossy, kwa mazoea, alishika ncha ya aproni yake apanguse, na Mwenye Meza akamwambia, "Wacha." Akaliweka dele chini. Akapiga magoti pale pale alipopiga siku ile, mkono mmoja ukutani, akatoa leso mfukoni mwa kanzu na kuanza kupangusa, polepole, akipumzika katikati. Nilitaka kwenda kumsaidia. Prossy alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, hakuinama, na mimi nikabaki nilipokaa.